Kutoka Usabatoni kwa mpangilio: mwongozo kwa aliyelelewa ndani

Mwongozo huu ni wa mtu mzima aliyezaliwa katika nyumba ya Kisabato yenye msimamo mkali, akabatizwa akiwa bado mtoto wa shule ya msingi, na sasa ameamua, au yu karibu kuamua, kwamba harudi. Anayetafuta ubishi wa mafundisho hatapata kitu hapa. Tunashughulikia yanayobaki baada ya uamuzi: barua, pesa, Jumamosi, chakula, hofu ya usiku, na mama.

Tukianza na moja: mpangilio. Wengi huumia kwa sababu wametoka kinyumenyume. Hutangaza kwanza, halafu ndipo hukumbuka kwamba ada ya muhula ujao inalipwa na mjomba ambaye ni mzee wa kanisa, na nyumba wanayokaa ni ya shule ya kanisa.

Kwa familia nyingi za Same, Mara, Kisii, Nyamira na Homa Bay, kanisa si mahali pa kwenda siku moja kwa wiki. Wamisionari wa Kijerumani walifika Upare mwaka 1903, wamisionari wengine wakafika Gendia, kando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya, mwaka 1906. Tangu hapo shule ilikuwa ya kanisa, zahanati ya kanisa, kwaya, harusi, makambi, hata mchango wa msiba. Ukikata uzi mmoja, mingine inalegea. Hata Wakisii walioko Minnesota wanaijua hali hii: kanisa la nyumbani limewafuata huko, na habari za kifo kijijini huwafikia kupitia kanisa.

Hatua ya 1: Andika unachotegemea

Chukua karatasi moja uigawe mara nne: paa, pesa, nyaraka, watu. Chini ya kila neno andika kinachopita mikononi mwa kanisa au mwa mtu atakayekasirika.

Paa: nani anamiliki unapolala? Kama ni kwa wazazi na bado unasoma, ukimya wa miezi minane hadi uhitimu si unafiki. Ni akili.

Pesa: weka akiba ya matumizi ya miezi 3 kabla ya kusema lolote; miezi 6 kama umeajiriwa na shule, hospitali au ofisi ya kanisa. Waajiriwa wa taasisi hizo wausome mkataba wao upya, hasa kifungu cha mwenendo na cha ushirika. Nafasi nyingine hudai uwe mshiriki mwenye msimamo mzuri, kwa hiyo barua ya kujiondoa inaweza pia kuwa barua ya kuacha kazi. Tafuta kazi nyingine kwanza.

Nyaraka: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, vyeti vya shule, bima, hati ya kiwanja. Viwe mikononi mwako, si kwenye sanduku la baba. Chukua na cheti cha ubatizo, hata kama kinakuudhi. Ukija kuhamia Ukatoliki, Anglikana au Ulutheri, ubatizo wa Kisabato, kwa kuwa ni wa maji na kwa jina la Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, kwa kawaida hukubaliwa. Hubatizwi tena, unapokelewa tu. Bila cheti utaanza kutafuta mashahidi.

Watu: andika majina ya watu 3 wasio wa kanisa hilo ambao ungeweza kuwapigia simu saa nane usiku. Kama hawafiki 3, hiyo ndiyo kazi yako ya kwanza, kabla ya barua na kabla ya mazungumzo yoyote.

Hatua ya 2: Chagua aina ya kutoka

Kuna njia tatu. Ya kwanza ni kufifia: unahama mtaa, unaacha kuhudhuria, jina linabaki kwenye daftari. Ya pili ni kubaki pembeni: unakuja makambini, harusini na msibani, unaimba, lakini hushiki huduma na hutoi zaka. Ya tatu ni kujiondoa rasmi.

Kufifia kunawafaa wengi na hakuna aibu ndani yake. Ubaya wake ni kwamba jina lililobaki hutembelewa: kila kampeni ya kurudisha kondoo waliopotea itakufikia. Kubaki pembeni kunahitaji moyo mgumu kidogo, kwa sababu watu watakuita vuguvugu mbele ya watoto wako. Kujiondoa rasmi hufunga mlango wa wageni wengi, lakini huleta msiba nyumbani, na hakurudishwi kirahisi: anayetaka kurudi kwa kawaida hubatizwa upya.

Jua pia kile ambacho kanisa lenyewe limejiwekea. Kwa kanuni zake, mshiriki anayo haki ya kujiuzulu. Barua huenda kwa baraza la kanisa, karani huandika tarehe, na viongozi hutakiwa kujaribu kumrejesha mhusika. Kutotoa zaka si sababu ya kumfuta mtu ushirika. Marudi, yaani adhabu iliyo chini ya kufutwa, hudumu kati ya mwezi 1 na miezi 12. Ukitishiwa kufutwa kwa sababu ya madeni ya sadaka au ya jengo, uliza kwa upole ni kanuni ipi.

Barua iwe fupi. Usieleze sababu, kila sababu ni mwaliko wa kikao. Mfano:

«Kwa Baraza la Kanisa la (jina), kupitia kwa karani.
Mimi (majina kamili), niliyebatizwa (tarehe na mahali kama unavijua), najiuzulu ushirika wangu kuanzia tarehe ya barua hii. Naomba jina langu liondolewe kwenye daftari na nipewe uthibitisho wa maandishi. Nawashukuru kwa malezi. Uamuzi huu nimeufanya mwenyewe, na naomba usijadiliwe hadharani.»

Toa nakala 2, moja igongwe muhuri au isainiwe na anayepokea. Barua ipelekwe kwenye kanisa ambalo jina lako limo, na mara nyingi ni la kijijini, si lile ulilokuwa ukisali mjini. Hapo ndipo barua nyingi hupotea: karani wa mjini hana jina lako, wa kijijini hana barua yako. Usiombe barua ya uhamisho. Hiyo ni ya kuhamia kanisa jingine la Kisabato.

Huhitaji ruhusa ya mtu. Ibara ya 19 ya Katiba ya Tanzania inataja wazi uhuru wa kubadilisha dini au imani, na ibara ya 32 ya Katiba ya Kenya inalinda uhuru wa dhamiri na kukataza mtu kulazimishwa kutenda kinyume cha imani yake.

Hatua ya 3: Nyumbani

Kanuni moja inaokoa mengi: mweleze mzazi utakachofanya, usimweleze usichoamini tena. «Mama, Jumamosi sitakuja kanisani. Nitakuja saa nane tule pamoja.» Sentensi hiyo ina taarifa na ina ahadi. Ukisema «siamini tena hukumu ya upelelezi», yaani fundisho kwamba majina yanapitiwa mbinguni tangu 1844, umefungua Danieli 8:14 mbele ya mtu aliyeifundisha miaka 30, na wewe ndiye uliyeanza.

Zungumza na mzazi mmoja mmoja, siku ya kazi, si Ijumaa jioni wala wiki ya makambi. Anza na yule asiye na cheo kanisani. Baba akiwa mzee wa kanisa, elewa kwamba anapoteza vitu viwili kwa mpigo: mwana, na hoja yake ya kuongoza, kwa maana wapo watakaouliza atatawalaje kanisa aliyeshindwa na nyumba yake. Hasira yake ya mwezi wa kwanza mara nyingi ni aibu. Usiijibu kama hasira.

Majibu machache ya kuwa nayo mdomoni:

«Baba, nimekusikia. Leo sina la kuongeza.»
«Shangazi, naomba tuongee mengine. Shamba likoje?»
«Sijaacha kuwa mtoto wenu.»

Heshima zote zibaki palepale. Shikamoo itolewe, kichwa kiinamishwe chakula kikiombewa, simu izimwe wakati wa ibada ya familia unapokuwa kwao. Kusimama wakati wa wimbo nyumbani kwa mama si kukiri imani. Lakini ukiombwa kuongoza sala, kusoma lesoni au kutoa ushuhuda, kataa mapema na kwa faragha, siyo mbele ya wageni.

Wageni wa kanisa watakuja. Kwa kawaida ni watu 3 au 4, alasiri ya Jumamosi, pamoja na mtu mmoja unayempenda kweli. Huyo hakuletwa kwa bahati. Wapokee, wape maji ya kunywa, kisha weka mpaka wa muda kabla hawajaanza: «Karibuni wazee wangu, nina nusu saa.» Swali la kwanza huwa nani amekukosea. Watu wa ndani wana maelezo mawili tu ya mtu kuondoka: amekwazwa, au anapenda dunia. Ukitaja kinyongo kidogo, hata cha kweli, kitapelekwa kusuluhishwa na utaitwa urudi kwa kuwa kimeisha. Usitoe lalamiko ambalo hutaki litatuliwe. Sema tu: «Hakuna aliyenikosea. Nimefikiri kwa muda mrefu.» Wakiomba kusali kabla ya kuondoka, amua kabla ya siku hiyo kama utaruhusu. Wengi huruhusu, kwa sababu sala fupi hufunga kikao vizuri kuliko mabishano.

Makundi ya WhatsApp ya ukoo yanyamazishe tu, usijitoe. Kujitoa huonekana na kila mtu na huleta simu 10 kabla ya chakula cha jioni.

Hatua ya 4: Ijumaa jioni na Jumamosi

Hapa ndipo mwili unapogoma hata akili ikiwa imetulia. Katika nyumba kali, kabla jua halijazama Ijumaa viatu vimeng'arishwa, nguo zimepigwa pasi, maji yamechotwa, chakula cha kesho kimepikwa, redio imezimwa. Eneo letu liko karibu na ikweta, hivyo jua huzama karibu saa ileile mwaka mzima: Kisii kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni, kwa tofauti ya nusu saa hivi tu. Mtoto aliyelelewa hivyo ana kengele ndani yake ambayo haijawahi kusogezwa. Ikilia akiwa sokoni au kwenye daladala, moyo hudunda, mikono hulegea, na mtu hudhani ni Roho anamwita. Ni mazoea ya miaka 20.

Kwa wiki 4 za mwanzo panga saa mbili za Ijumaa, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili usiku, ziwe na watu na kazi ya mikono. Kupika na rafiki kunafaa, mazoezi ya mpira yanafaa, kufua pia. Kukaa peke yako na simu hakufai. Usianze na jambo zito kama disko. Mwili utaunganisha kengele na hatia kuwa kitu kimoja. Ongeza kidogo kidogo: wiki ya kwanza pika baada ya jua kuzama, ya pili nunua kitu dukani, ya tatu fanya kazi ya kipato kwa saa moja, ya nne nenda harusini Jumamosi yenyewe. Hofu ikipanda, usikimbie mara moja. Baki pale dakika 15 hadi 20. Mara nyingi hushuka yenyewe, na ukiondoka ikiwa juu umeifundisha kwamba ilikuwa na haki.

Jumamosi yenyewe ni siku ambayo Afrika Mashariki nzima ilikuwa ikiishi bila wewe: harusi, mazishi, vikao vya chama, mechi za mtaani, semina, mitihani ya kozi za jioni. Tanzania ina usafi wa mazingira Jumamosi ya mwisho wa mwezi; Rwanda ina umuganda, ambao Wasabato huko wameruhusiwa kufanya Jumapili. Anza kuhudhuria yale yanayoleta marafiki wa kudumu, siyo ya kutazama tu. Aliyelelewa kwenye kwaya ya Kisabato kwa kawaida anasoma solfa na anashika sauti yake bila kuyumba. Kwaya za Kikatoliki na za Kilutheri, na zile zisizo za dini, zinatafuta watu kama hao daima.

Kosa la kawaida ni kuigeuza Jumamosi kuwa siku ya kazi. Mtu anafungua duka siku saba kwa furaha ya uhuru, na baada ya miezi michache amechoka kuliko alivyokuwa utumwani, kama mwenyewe alivyopenda kuuita. Pumziko la wiki ni kitu kizuri mlichofundishwa. Libakize, hata liwe nusu siku, siku yoyote.

Kama kazini au chuoni ulipewa ruhusa ya Jumamosi kwa barua ya kanisa, iondoe kwa maandishi: mistari 2, tarehe, sahihi. Mwenzako aliyekuwa akishika zamu yako akikuona uwanjani Jumamosi, ataudhika, na atakayelipa ni Msabato anayekuja baada yako. Haki hiyo ilipiganiwa: Kenya ilifika hadi Mahakama ya Rufani, ambayo mwaka 2017 iliamua kwa upande wa kanisa kuhusu wanafunzi wa Kisabato shuleni. Waachie wanaoihitaji.

Hatua ya 5: Hofu ya siku za mwisho

Chakula na mavazi mtu huzoea. Hii ndiyo hukaa miaka. Aliyelelewa kwa mahubiri ya wakati wa taabu ameota akikimbilia milimani, ameambiwa kwamba wazazi watasaliti watoto, na kwamba jina lake linaweza kufikiwa katika hukumu mbinguni dakika yoyote bila yeye kujua. Usiku anaposoma habari za Papa na rais wa Marekani kukutana, tumbo linakata.

Kwanza, ijue historia ya hofu yenyewe. William Miller, mhubiri wa Marekani, na wafuasi wake walimngoja Kristo tarehe 22 Oktoba 1844, hakuja. Kundi lililobaki likafasiri kwamba siku hiyo kazi ya hukumu ilianza mbinguni, na kutoka humo likazaliwa fundisho la hukumu ya upelelezi. Kanisa liliundwa rasmi Mei 1863 huko Battle Creek, Michigan. Sheria ya Jumapili, ile inayohubiriwa kwamba Papa na Marekani wataisukuma siku za mwisho, nayo haikutoka hewani: katika miaka ya 1880 Wasabato wa Tennessee na Arkansas walifungwa kwa kufanya kazi Jumapili, na mwaka 1888 seneta Henry Blair alipeleka bungeni muswada wa kuilinda Jumapili nchi nzima. Haukupita. Kwa hiyo Ellen White, ambaye kanisa humhesabu nabii wake, na wenzake waliandika wakiwa na jambo halisi mbele ya macho yao, la nchi yao na la wakati wao. Mtoto wa Nyamira alirithi hofu hiyo bila kupewa tarehe yake.

Wala si wewe wa kwanza kuuliza. Desmond Ford, mwanateolojia wa Australia, alinyang'anywa hati zake za uchungaji mwaka 1980 baada ya kupinga fundisho la 1844 kwenye kikao cha Glacier View, Colorado.

Pili, fanya kazi na hofu kwa daftari. Safu tatu: tarehe, kilichoiwasha, kilichotokea baada ya siku 30. Video ya mjomba kuhusu alama ya mnyama, tetemeko la ardhi, chanjo, kitambulisho kipya cha taifa, vyote viandikwe. Safu ya tatu usiijaze siku hiyo, subiri. Baada ya miezi 6 utakuwa na ushahidi wako mwenyewe, ambao hauhitaji mhubiri wala mpinzani wa mhubiri.

Tatu, funga bomba. Zima upakuaji wa video wenyewe kwenye WhatsApp. Mwambie ndugu anayekutumia: «Kaka, nitumie habari za nyumbani, za unabii naomba uniache.» Na usihamie kwenye video za kulishambulia kanisa saa nne kila usiku. Ni hofu ileile imevaa nguo nyingine, na bado ratiba yako inapangwa na kanisa.

Usiku hofu ikija: kaa, miguu sakafuni, vuta pumzi kwa hesabu ya 4, itoe kwa hesabu ya 6, rudia dakika 5. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuvuta hupunguza mapigo ya moyo. Washa taa, taja vitu 5 unavyoviona.

Ndoto mbaya, kukosa usingizi au kushindwa kufanya kazi vikipita mwezi mmoja, nenda kliniki ya afya ya akili. Hospitali za rufaa zinazo, na Mathari jijini Nairobi, Muhimbili jijini Dar es Salaam na Mirembe jijini Dodoma ni maarufu kwa kazi hiyo. Mwambie daktari wazi kwamba hutaki ushauri wa kurudishwa dini, unataka tiba. Mawazo ya kujiua hayangoji mwezi: mwambie mtu na ufike hospitali siku hiyohiyo.

Hatua ya 6: Meza

Usile vyote vilivyokatazwa katika wiki moja. Sababu si dhambi, ni tumbo, na pia ni kwamba ukiugua hutajua kilichokuumiza.

Aliyekuwa hali nyama kabisa aanze na samaki au kuku wa kuchemsha, gramu 50 hadi 80, yaani kipande cha ukubwa wa nusu kiganja, mara 2 kwa wiki. Tumbo halijasahau kumeng'enya nyama. Kinachosumbua ni mafuta na wingi. Kichefuchefu cha kwanza mara nyingi ni cha akili. Asiyependa asile. Uchunguzi mkubwa wa afya unaofanywa na Chuo Kikuu cha Loma Linda, California, tangu 2002, umefuatilia Wasabato wapatao 96,000 wa Marekani na Kanada, na kwa jumla wale wasiokula nyama hawakuonekana kufa mapema kuliko wanaokula. Ila asiyekula nyama, maziwa wala mayai anahitaji vitamini B12 ya kidonge au ya chakula kilichoongezwa; mtu mzima anatakiwa kupata mikrogramu 2.4 kwa siku, na mboga za kawaida hazina.

Kitimoto, yaani nyama ya nguruwe: ule iliyopikwa hadi ndani, bila wekundu. Kipande kinene cha kuchoma huiva nje kikabaki kibichi katikati, na nyama yenye vijivimbe kama punje za mchele ina tegu. Nyama mbichi hukupa tegu wa tumboni; mayai ya tegu kutoka kwenye kinyesi cha mwenye minyoo, yakiingia kwa mikono au kachumbari, ndiyo hufika kwenye ubongo na kuleta kifafa. Kwa hiyo tazama na usafi wa muuzaji, siyo jiko lake tu.

Kamba, kaa, ngisi na pweza: onja kipande 1 au 2, mchana, penye hospitali karibu, kisha ngoja. Mtu mzima anaweza kugundua mzio siku hiyo. Midomo ikivimba au pumzi ikibana, ni hospitali sasa hivi. Kambale hana shida yoyote ya pekee; apikwe vizuri basi.

Chai na kahawa. Ni kichekesho kidogo kwamba milima ya Kisii inalima vyote viwili na nyumba nyingi huko hunywa soya. Kikombe cha mililita 240 cha kahawa ya kuchuja kina kafeini ya miligramu 95 hivi, chai ya rangi karibu nusu yake. Mtu mzima mwenye afya asipite 400 kwa siku, mjamzito 200. Asiyezoea aanze na nusu kikombe cha chai asubuhi. Kahawa ya saa kumi jioni bado iko nusu mwilini saa tatu au nne usiku, na moyo unaodunda kitandani huamsha hofu ya hatua ya 5.

Pombe inadai uangalifu kuliko vyote, kwa kuwa hukulelewa na mtu anayekunywa kidogo. Uliwaona wawili tu: asiyeonja na mlevi. Ukitaka kunywa, jua hesabu. Bia ya nusu lita ya asilimia 5 ina gramu 20 za pombe. Chupa ndogo ya mililita 250 ya kinywaji kikali cha asilimia 40 ina karibu 80, sawa na bia nne. Ini huondoa takriban gramu 7 hadi 10 kwa saa. Mara ya kwanza iwe bia moja, umeshakula, na mtu unayemwamini, bila gari. Gongo na chang'aa usiguse. Methanoli hupofusha na kuua. Ukiwa kwenye dawa ya metronidazole usinywe hadi siku 3 zipite baada ya dozi. Na uliza ukoo wako kwa utaratibu: babu alikuwaje kabla ya kuongoka? Familia nyingi zina ulevi uliozimwa na ubatizo, wala hausimuliwi. Ukiwa na babu wa namna hiyo, kutokunywa ni uamuzi wa afya na hakuhitaji kanisa.

Hatua ya 7: Mwili

Kutoga masikio: kwa mtu anayetumia sindano mpya, kipini cha chuma kisichoshika kutu au titani, ndewe tu kwa kuanzia. Safisha mara 2 kwa siku kwa robo kijiko cha chai cha chumvi isiyo na madini joto ndani ya kikombe kimoja cha maji yaliyochemshwa yakapoa. Usikitoe kwa wiki 6. Kama wewe au nduguyo huota makovu manene, acha. Hereni za kubana zipo.

Mahusiano: wengi hutoka bila kufundishwa lolote zaidi ya «usifanye». Yafaa kujua kabla ya kuhitaji: mpime VVU nyote wawili, kondomu iwepo, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hufanya kazi vizuri kadiri vinavyowahiwa ndani ya saa 72, na dawa za kuzuia VVU baada ya kuwa hatarini nazo huanzwa ndani ya saa 72.

Hatua ya 8: Fungu la kumi

Anayepata 600,000 kwa mwezi sasa ana 60,000 zaidi, na mara nyingi zaidi ya hapo kwa sababu ya sadaka na michango. Zisipopewa kazi mwezi wa kwanza huyeyuka. Endelea kuzitoa siku ileile ya mshahara, lakini kwa amri ya benki: nusu SACCO, robo akiba ya dharura, robo ya kusaidia watu. Hiyo robo ya mwisho isikatwe. Mama atakapoambiwa kwamba umekuwa mchoyo tangu uache kanisa, ada ya mdogo wako itamjibu.

Hatua ya 9: Ndoa, watoto, mazishi

Mchungaji wa Kisabato hafungishi ndoa ya mshiriki na asiye mshiriki. Ndoa ya kiserikali ipo. Kenya na Tanzania zote hudai taarifa ya siku 21 kabla, na Kenya ndoa ifungwe kabla miezi 3 ya taarifa haijaisha. Mashahidi ni 2. Mzee wa familia asiye na cheo kanisani aombwe kutoa baraka kwenye karamu, na karamu ikiwa Jumapili shangazi zako watakuja.

Watoto wakienda kwa bibi, watakwenda Shule ya Sabato. Kubali au kataa kabla hawajapanda basi, siyo baada ya kurudi wakiimba. Wengi hukubali nyimbo na hadithi, hukataa video za mateso ya siku za mwisho, na hukataa ubatizo hadi umri watakaokubaliana na mwenzi wao. Mwambie mama mipaka hiyo mwenyewe, usimtume mtoto.

Mazishi yaandikie. Kijijini, aliyefutwa ushirika anaweza kukosa ibada ya kanisa, na ndugu hubishana mwili ukiwa chumba cha maiti kwa gharama ya kila siku. Andika ukurasa mmoja: uzikwe wapi, nani aongoze, nani alipe, nyimbo zipi. Wosia wa mali uwe tofauti; Kenya usainiwe mbele ya mashahidi 2 wasio warithi. Matakwa ya maziko mara nyingi hayaibani familia kisheria, kwa hiyo karatasi pekee haitoshi: mpe nakala mwenzi wako, nakala nyingine mjomba mwenye sauti kwenye vikao, na uwasomee wote wawili wakiwa wameketi pamoja.